Volti 5 za USB huliwa njiani

Bodi ya ESP32, ile maikrokontrola yenye Wi-Fi, inawaka vizuri, inaanza programu, halafu ikifika kwenye Wi-Fi inazima na kuwaka upya, tena na tena. Kabla hujaanza kuufumua msimbo wako, fungua kwenye kompyuta dirisha la seriali, bodi inapoandika ujumbe wake, usome. Ukikuta "Brownout detector was triggered", yaani mlinzi wa volti ndani ya chipu amekata, shida ni umeme, na mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa USB uliouokota kwenye droo.

Tunaiita USB ya volti 5 kwa mazoea tu. Kanuni za USB 2.0 zinalitaka tundu la kompyuta litoe kati ya volti 4.75 na 5.25, na baadaye kikomo cha juu kilisogezwa hadi 5.5. Hub (kigawanya matundu ya USB) isiyo na chaja yake, ile inayofyonza umeme wa laptopu na kuugawia wenzake, inaruhusiwa kushuka mpaka 4.40. Maana yake, kabla waya haujala chochote, unaweza kuwa umeshapungukiwa zaidi ya nusu volti na hakuna aliyevunja sheria.

Tuzifuate sasa hizo volti mpaka zifike kwenye chipu.

Mlaji wa kwanza ni kebo. Unene wa nyaya hutajwa kwa namba ya AWG, na namba ikipanda waya unapungua. Waya wa 28 AWG una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita, wa 24 AWG takriban omu 0.084. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita 1 ihesabu kama mita 2 za waya. Kebo yenye nyaya za umeme za 28 AWG ina karibu omu 0.43: ukipitisha miliampea 500 umepoteza volti 0.21, ukipitisha ampea 2 umepoteza 0.85. Ya 24 AWG kwa ampea 2 hizohizo hupoteza volti 0.34 tu. Hapo bado hujahesabu migusano ya plagi, ambayo ikilegea au ikishika kutu hudai fungu lake.

Ganda la kebo nzuri huwa na maandishi kama 28AWG/1P+24AWG/2C, yaani jozi moja nyembamba ya data na nyaya mbili nene za umeme. Maandishi lakini si ushahidi. Zipo kebo tele, kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Luthuli, Nairobi, zenye waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba, na aluminiamu ina ukinzani mkubwa kuliko shaba. Kama una kebo iliyokufa ya aina hiyohiyo, ikate, menya waya mwekundu, kwangua nyuzi zake kwa wembe. Chini ya ngozi ya shaba ukikuta weupe wa fedha, umeshajua ulichouziwa.

Mlaji wa pili yuko kwenye bodi yenyewe. Bodi nyingi za ESP32 zina daiodi ya Schottky (inayozuia umeme kurudi) kati ya tundu la USB na laini ya volti 5, na hiyo huchukua kama volti 0.35. Wa tatu ni kidhibiti volti, mara nyingi AMS1117-3.3. Huyu hawezi kutoa 3.3 safi mpaka umpe ziada ya takriban volti 1.1 juu yake, na akielemewa hufika 1.3.

Piga hesabu ya bodi yenye skrini na sensa mbili tatu, inayovuta miliampea 500 kwenye kebo nyembamba ya mita 1, tundu likiwa na volti 5 kamili: 5.00 toa 0.21 toa 0.35 toa 1.1, unabaki na 3.34. Umepita kwenye tundu la sindano. Badili kebo iwe ya mita 2 na tundu liwe na 4.75: 4.75 toa 0.43 toa 0.35 toa 1.1, unabaki na 2.87. ESP32 inataka 3.0 hadi 3.6. Ikirusha Wi-Fi inaweza kufyonza miliampea 240 kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana Espressif, watengenezaji wa ESP32, wanashauri chanzo chenye uwezo wa angalau miliampea 500. Mpigo ukija wakati umeshakaa kwenye 2.87, volti zinazama hadi karibu 2.43, mlinzi wa ndani ya chipu anakata, na bodi inaanza upya.

Kuipima kebo hakuhitaji kifaa cha gharama. Tafuta rezista ya omu 10 ya wati 5, ile nyeupe ya umbo la tofali. Kwenye volti 5 itavuta miliampea 500 na kutoa joto la wati 2.5, kwa hiyo usiishike kwa vidole. Iunganishe kati ya VBUS (waya wa volti 5) na GND (waya wa kurudishia umeme) upande wa mwisho wa kebo (bodi ndogo yenye tundu la USB na pini zilizotolewa nje inarahisisha), kisha pima volti juu ya rezista kwa maltimita huku mkondo ukipita. Pima tena kwenye chaja, kwa kebo fupi nene au kwenye miguu ya tundu lenyewe. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayoliwa na kebo. Kupima bila mzigo hakukuambii lolote: kebo mbovu kabisa isiyopitisha mkondo itasoma volti 5 kamili.

Wengi hukimbilia dawa ya kapasita, nayo ni dawa ikiwekwa mahali pake. Kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya 3.3V na GND, karibu kabisa na moduli, husaidia kumeza mipigo ya Wi-Fi. Kuweka maikrofaradi 470 moja kwa moja kwenye VBUS ni jambo jingine. Kanuni za USB zinakiruhusu kifaa kuwa na maikrofaradi 10 tu upande huo. Kapasita tupu, sekunde inapochomekwa, haina tofauti na shoti: volti za tundu zinaanguka, laptopu inaweza kulifunga tundu, na diski ya nje iliyokuwa kwenye hub hiyohiyo inapotea katikati ya kunakili mafaili.

SIM800L inastahili hesabu yake

Moduli hii ya kutuma SMS kwa mtandao wa simu imejaa kwenye miradi ya huku kwetu kwa sababu SMS hufika hata pasipo na intaneti. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, kwa hiyo volti 5 ni nyingi mno na 3.3 ni chache mno. Tena ikirusha mawimbi huvuta hadi ampea 2 kwa maikrosekunde 577, ikapumzika, ikarudia kila milisekunde 4.6. Maltimita haioni mipigo hiyo, inakuonyesha wastani tu, na wewe unaapa kwamba umeme upo.

Tuseme chanzo chako kinamudu ampea 0.5. Ampea 1.5 zilizobaki lazima zitoke kwenye kapasita. Ampea 1.5 kwa maikrosekunde 577 ni kama milikulombu 0.87. Gawa kwa maikrofaradi 1000: volti zinashuka kwa 0.87. Ukianzia 4.0 unaishia 3.13, na moduli inazima ikiwa inatafuta mtandao. Ukiweka 2200, kushuka ni 0.39, unabaki juu ya 3.6. Njia nyepesi kuliko zote ni kuilisha moja kwa moja kutoka seli moja ya lithiamu ya 18650, ambayo kwa sehemu kubwa ya chaji yake hukaa ndani ya mipaka hiyo, kwa nyaya fupi nene. Nyaya za jampa za bredibodi hazifai hapa. Ni nyembamba, na migusano ya bredibodi ikichoka inaongeza ukinzani wake juu.

Rezista mbili zinazosahaulika

Tundu la USB-A lina volti 5 muda wote. Chaja yenye tundu la Type-C haitoi kitu mpaka ijue kuna mtu upande wa pili. Chaja hushikilia pini za CC, zile za kutambuana, juu kwa rezista iitwayo Rp, na kifaa huzivuta chini kwa rezista ya 5.1k iitwayo Rd. Chaja ikihisi mvuto huo ndipo inafungua VBUS.

Bodi nyingi za bei rahisi zina tundu la Type-C bila rezista hizo. Ukitumia kebo ya A kwenda C zinawaka, kwa kuwa tundu la A halisubiri kuombwa. Ukitumia kebo ya C kwenda C, kimya. Watu husema chaja imeikataa bodi, na chaja inafanya kilekile ilichoagizwa. Tiba ni rezista mbili za 5.1k, moja kutoka CC1 (pini A5) hadi GND, nyingine kutoka CC2 (pini B5) hadi GND. Ukisahau moja, kebo itakubali ikichomekwa upande mmoja na kugoma ukiigeuza.

Na kila CC iwe na yake. Usiunganishe CC1 na CC2 pamoja juu ya rezista moja ili kuokoa senti. Kosa hilo lilitoka kwenye toleo la kwanza la Raspberry Pi 4 mwaka 2019. Kebo za kawaida zilikubali, ila kebo zenye chipu ya utambulisho ndani zina rezista ya karibu 1k kwenye mojawapo ya njia hizo. Sambamba na 5.1k unapata omu 836 kwenye pini zote mbili, na kwa chaja hiyo ni alama ya kifaa cha sauti, kitu kisichohitaji kupewa umeme. Matoleo yaliyofuata ya bodi yalirekebishwa.

Pini ya CC ina faida nyingine ambayo wapenzi wa elektroniki wengi hawaitumii: inakuambia chaja inamudu kiasi gani. Chomeka, kisha pima volti za CC dhidi ya GND, kwenye ile pini kati ya mbili iliyo hai. Ukisoma karibu 0.4, chaja inaahidi kiasi cha kawaida cha USB, yaani miliampea 500, au 900 kama tundu ni la USB 3. Karibu 0.9 ni ampea 1.5. Karibu 1.7 ni ampea 3. Pitisha waya kutoka CC hadi pini ya analogi ya maikrokontrola na programu yako inaweza kuamua yenyewe kama iwashe taa zote au nusu.

Vile vibodi vya kuomba volti 9, 15 au 20 kutoka chaja za PD (zinazoweza kutoa zaidi ya volti 5) ni vizuri, ila pima kinachotoka kabla hujakiunganisha na chochote. Kitufe kikibonyezwa mara moja zaidi, 20 inaingia mahali palipotengenezewa 5.

Data si volti 5

Ndani ya kebo hiyohiyo ya volti 5, nyaya za D+ na D- hufanya kazi kwa volti 3.3. Kwa mwendo wa chini na mwendo kamili (megabiti 1.5 na 12 kwa sekunde), "juu" ni kati ya 2.8 na 3.6, "chini" ni chini ya 0.3. Kwa megabiti 480 mipigo ni ya takriban volti 0.4 tu. Ndiyo sababu vibodi vya ATtiny85 (maikrokontrola ndogo) vinavyolishwa volti 5 huwa na daiodi mbili za zena za 3.6V na rezista za omu 68 kwenye njia ya data. Ukitengeneza chako, chagua zena za nusu wati au chini ya hapo. Zile nene za wati 1 zina ukapasita mkubwa unaolegeza kingo za mipigo, na kompyuta inasema kifaa hakitambuliki.

Kompyuta inajuaje umechomeka kitu? Yenyewe inavuta D+ na D- chini kwa rezista za 15k. Kifaa kinavuta D+ juu kwa 1.5k hadi 3.3V kama ni cha mwendo kamili, au D- kama ni cha mwendo wa chini. Kwa 1.5k, D+ inakaa kwenye volti 3.0, na hakuna ubishi.

Sasa chukua Blue Pill, bodi ya maikrokontrola ya STM32F103. Nyingi zilitoka kiwandani na rezista ya 10k mahali pa 1.5k, kwenye nafasi iliyoandikwa R10. Hesabu: 3.3 mara 15 gawa kwa 25 ni volti 1.98. Kizingiti cha kusomeka "juu" ni volti 2.0. Ndiyo maana bodi moja inakubaliwa na laptopu hii na kukataliwa na ile, mtu akashinda siku mbili anasakinisha draiva upya. Huna haja ya kuing'oa R10. Lehemu rezista ya 1.8k kati ya pini PA12 na 3.3V: sambamba na 10k inakuwa 1.525k, na mambo yanakwisha.

Kabla ya hayo yote hakikisha kebo ina nyaya za data. Za kuchajia tu hazina, na kwa macho hazitofautiani na nyingine. Ichomeke na simu: ikichaji lakini kompyuta isione faili hata ukiruhusu kwenye simu, iweke kando na uifunge uzi mwekundu isikusumbue tena.

3.3 ikikutana na 5

Kila chipu ina kizingiti chake, nacho kimeandikwa kwenye karatasi yake ya vipimo. ATmega328P (chipu ya Arduino Uno) ikilishwa volti 5 huhesabu "juu" kuanzia asilimia 60 ya umeme wake, yaani 3.0. ESP32 ikiitumia 3.3, inasomeka, kwa nafasi ndogo ya volti 0.3. Taa za WS2812B (zile za rangi zinazopokezana data moja hadi nyingine) zinataka asilimia 70, yaani 3.5, kwa hiyo 3.3 haifiki. Zikiwaka mezani kwako ni bahati, na bahati hiyo huisha waya ukirefuka au chumba kikipata joto: taa ya kwanza inacheza rangi ambazo hukuziomba.

Suluhisho safi ni chipu ya 74AHCT125 iliyolishwa volti 5, kwani inakubali "juu" kuanzia volti 2.0 na kuitoa kwa volti 5. Kuna ujanja pia: lisha taa ya kwanza peke yake kupitia daiodi ya 1N4007. Inapata kama 4.3, asilimia 70 yake ni 3.0, na inaipokeza data iliyopandishwa kwa taa ya pili. Vile vibodi vya kubadili volti vyenye transista ya BSS138 na rezista za 10k viache kwa I2C, mawasiliano ya taratibu zaidi kati ya chipu. Kuvuta juu kwa 10k dhidi ya ukapasita wa pikofaradi 50 huchukua nusu maikrosekunde, wakati biti ya sifuri ya WS2812 nzima hukaa juu kwa maikrosekunde 0.4.

Kushuka kutoka 5 hadi 3.3 ni kazi rahisi zaidi: rezista ya 1k kutoka pini inayotuma, ya 2k kwenda GND, chukua katikati yake, unapata 3.33. Pini ya Echo ya HC-SR04 (sensa ya umbali) inahitaji hivyo, na TX (pini ya kutuma) ya Arduino Uno kuelekea ESP pia.

Jihadhari na vibodi vya USB kwenda seriali. Kwenye baadhi yake, jampa ya 3.3/5 hubadili umeme wa pini ya VCC (ya kulishia umeme) tu, TX ikabaki na volti 5. Seriali ikitulia hukaa juu, kwa hiyo huhitaji osiloskopu: pima TX dhidi ya GND bila kutuma chochote, usome namba.

Umeme unaopanda kinyume

Pini ya 5V ya Arduino Uno ni laini yenyewe ya volti 5, haina mlinzi. Ukiilisha kwa chaja ya nje na USB ikiwa imechomekwa laptopu, vyanzo viwili vimeunganishwa uso kwa uso, na mwenye volti nyingi anamsukuma mwenzake. Weka Schottky kama 1N5819 kwenye njia ya chaja na nyingine kwenye njia ya USB, ukubali kupoteza kama volti 0.3. Au wakati wa kupakia msimbo kata waya wa 5V kwenye kebo na ubaki na D+, D- na GND. GND usiikate kamwe: bila hiyo volti za data hazina pa kupimiwa.

Kisa cha ajabu kuliko vyote ni bodi isiyozimika. Umechomoa VCC, taa yake bado inafifia kwa mbali, na ukiiwasha upya haijiseti. Umeme unaingia kupitia pini ya RX (ya kupokea): kibodi cha seriali kimeishikilia juu, na daiodi ya ulinzi ndani ya chipu inaupitisha hadi laini ya 3.3V. Weka rezista ya 1k kwenye njia hiyo ya TX kwenda RX. Haizuii data ya biti 115200 kwa sekunde, ila inabana mkondo. Kisha chomoa VCC na upime pini ya 3.3V: ikisoma volti moja na zaidi badala ya kukaribia sifuri, kuna pini nyingine bado inailisha.